Nota Alizokosea Cortot

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Najifunza piano, huu ni mwaka wa 6, na mwalimu wangu amenipa etudi, yaani vipande vya mazoezi, za mtunzi Chopin katika toleo la mpiga piano Alfred Cortot. Kabla ya kila etudi kuna kurasa za maelezo na vizoezi, mpaka najiuliza muziki wenyewe uko wapi. Nikatafuta rekodi zake nisikie huyu bwana alipigaje. Nimeshangaa, anakosea nota! Mimi nikikosea vile kwenye mtihani sipiti. Tena nimesoma kwamba wakati wa vita alikuwa upande wa serikali iliyoshirikiana na Wanazi. Sasa kwa nini bado anatajwa? Ameacha nini hasa?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza, masikio yako ni mazima. Cortot anakosea. Katika rekodi zake za etudi za 1933 na 1934 vipo vidole vilivyoteleza, na katika zile za uzeeni, miaka ya 1950, ndiyo usiseme. Sitaki uwe kama wale wanaojitia hawasikii kwa sababu wameshaambiwa kwamba huyu ni bingwa.

Ila ujue zile santuri zilitengenezwaje. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulibeba dakika 4 na kidogo. Mpigaji alikaa, taa ikawaka, akapiga kipande chote bila kusimama. Hapakuwa na kukata wala kuunganisha. Ukikosea, ama unarudia upande mzima ama unauacha hivyo hivyo. Rekodi unazosikia leo kwenye simu yako, ambazo hazina hata nota moja iliyopinda, nyingi zimeshonwa kutoka vipande vingi kama shuka la viraka, na fundi amezificha nyuzi. Kumlinganisha Cortot na hizo si haki.

Hata hivyo hiyo ni nusu tu ya jibu. Wenzake wa siku zile walikuwa na santuri zile zile, na wapo waliokosea kidogo kuliko yeye. Cortot alikuwa mtu wa kazi nyingi mno: anafundisha, anaongoza okestra, anaandika vitabu, anaendesha shule, yuko safarini. Kukaa na piano saa 6 kwa siku hakuwa na nafasi. Na upande wa santuri ukitoka na nota mbili mbovu lakini mstari wa wimbo umekaa alivyoutaka, aliupitisha. Kuna mambo aliyoyaweka mbele ya usafi, na ukiyajua hayo utajua pia kwa nini mwalimu wako amekupa kitabu chake.

Alizaliwa Nyon, Uswisi, mwaka 1877, baba Mfaransa na mama Mswisi, akapelekwa Paris akiwa mtoto. Huko Conservatoire, chuo kikuu cha muziki, alipita kwanza mikononi mwa Émile Decombes, mzee aliyekuwa amemfahamu Chopin, kisha akaingia darasa la Louis Diémer na kutoka na tuzo ya kwanza mwaka 1896. Mpaka hapo ni njia ya kawaida ya mpiga piano wa Kifaransa: vidole vyepesi, sauti safi, adabu. Halafu akafanya jambo ambalo wapiga piano hawakuwa na desturi nalo. Alikwenda Bayreuth, Ujerumani, kwenye jumba la opera la mtunzi Wagner, akawa anawafundisha waimbaji sehemu zao na kusaidia uongozaji. Mwaka 1902, akiwa na miaka 24, aliongoza Paris opera ya Wagner iitwayo Götterdämmerung, mara ya kwanza kuonyeshwa mjini humo. Umri ule wenzake walikuwa wakihangaika na mashindano.

Nalitaja hili kwa sababu linasikika vidoleni. Mtu aliyeishi ndani ya okestra hasikii piano kama safu ya vibao 88. Anasikia chelo huku chini, tarumbeta kule, mwimbaji anavuta pumzi kabla ya neno zito. Ukimsikiliza Cortot katika kazi za Chopin au za mtunzi Schumann, sikiliza sauti za katikati, zile ambazo sisi wengi tunazipitia kama vijazio. Ghafla kidole gumba cha kulia kinatoa wimbo wake chini ya wimbo, kama mtu wa pili aliyekuwa chumbani muda wote hukumwona. Hapo ndipo umakini wake ulipokwenda, na ndiyo maana wakati mwingine kidole cha mwisho huko juu kiligonga kibao cha jirani.

Jambo la pili ni wakati. Utalisikia neno rubato, maana yake wakati ulioibwa. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba mwalimu wao alitaka mkono wa kushoto ushike mwendo kama kiongozi wa kwaya, na wa kulia uwe huru. Cortot alilishika hilo kikwelikweli. Mara nyingi mikono yake haitui pamoja: besi inatangulia, wimbo unafuata nyuma kidogo. Leo mwanafunzi akifanya hivyo mtahini anadhani hajui kuhesabu. Lakini wewe umekulia pwani, hebu kumbuka mwimbaji mzuri wa taarabu. Dumbaki haliyumbi, naye mwimbaji analiacha neno lisubiri, lisubiri, halafu analitua pale ambapo ungeapa amechelewa, na watu wanasimama kwenda kutunza. Hajapotea hata kidogo. Anajua dumbaki liko wapi kuliko unavyojua wewe. Cortot ni hivyo hivyo, isipokuwa yeye ndiye mwimbaji na ndiye dumbaki.

Sasa tuje kwenye kile kitabu kinachokuchosha, maana nadhani hapo ndipo jibu lako lilipo.

Matoleo yale ya kazi alianza kuyatoa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa etudi za Chopin, akaendelea kwa miaka mingi na kazi nyingine za Chopin, za Schumann na za Liszt. Yangali yanachapishwa. Kanuni yake aliieleza kwa ufupi: usifanyie mazoezi mahali pagumu, ufanyie mazoezi ule ugumu uliomo ndani ya mahali hapo, baada ya kuurudisha kwenye hali yake ya mwanzo kabisa. Isome tena polepole. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni maneno matamu tu. Ilinichukua miaka kuona kwamba mtu huyu alikuwa ananiambia niache kujipotezea muda.

Chukua etudi ya pili ya opus 10, yaani kazi ya Chopin namba 10. Mkono wa kulia unapanda na kushuka ngazi ya nusu sauti kwa vidole vitatu dhaifu, cha kati, cha pete na cha mwisho, huku kidole gumba na cha shahada vikidonoa sauti fupi za kusindikiza kwa chini. Mwanafunzi wa kawaida hufanyaje? Anapiga ukurasa mzima polepole, kesho anaongeza mwendo, keshokutwa anaongeza tena, wiki ya tatu mkono unauma, anaamini hana kipaji. Cortot anauliza: hapa kigumu ni nini? Kukimbia si kugumu. Kigumu ni kidole cha kati kuruka juu ya cha pete, na cha pete juu ya cha mwisho, bila kidole gumba kusaidia kama kilivyozoea kwenye ngazi nyingine zote. Basi ondoa sauti za chini kabisa. Baki na vidole vitatu tu. Vikishajua kuvukana, virudishie wenzao. Ugumu mkubwa uliokuwa na sura moja ya kutisha umegawanyika kuwa viwili vitatu vidogo, na kila kimoja kina dawa yake.

Tabia hiyo ya kuuliza "kigumu hapa ni nini?" ndiyo iliyosambaa, hata kwa walimu ambao hawajawahi kufungua toleo lake. Nadhani mwalimu wako pia, anapokusimamisha katikati ya mstari na kukuambia ucheze nota mbili tu zile mara kumi, anafanya kazi ya Cortot. Mwaka 1928 alitoa pia kitabu cha mazoezi ya vidole peke yake, kimepangwa kwa sura tano: usawa wa vidole, kupita kwa kidole gumba, nota mbilimbili, kutanua mkono, na kifundo cha mkono pamoja na sauti zilizoshikana. Ni kitabu kikavu kama uji usio na sukari, na sikushauri ukimalize. Matoleo ya Chopin ni bora mara mia kwa sababu zoezi linazaliwa kutoka ndani ya muziki.

Je, kila alichoandika mle ni sahihi? Hapana. Vizoezi vingine ni vingi kupita kiasi, na mkono mdogo usiovijua vizuri unaweza kuumia kwa vile vya kutanua. Chagua vitatu kwa kila etudi, si ishirini. Na katika nota zenyewe, wataalamu wa leo wana maandishi ya Chopin ambayo yeye hakuyapima kwa kipimo cha leo, kwa hiyo kwa mtihani tumia toleo jipya la nota na lake liwe la kusomea.

Mwaka 1919, pamoja na Auguste Mangeot, alianzisha École Normale de Musique hapo Paris. Jina lenyewe ni la chuo cha ualimu, na ndiyo ilikuwa nia: mtu ajifunze kupiga na pia ajifunze kufundisha. Wageni walikaribishwa. Nadia Boulanger alifundisha pale, Casals mpiga chelo na Thibaud mpiga fidla wakaja kutoa masomo. Mwaka 1929 wakajengewa ukumbi na msanifu majengo Auguste Perret, wa watu kama 400, unaoitwa Salle Cortot hadi leo, na ambao wanamuziki wanausifu kwa jinsi sauti inavyosikika humo kama ndani ya fidla.

Na wanafunzi? Hapa nataka usikilize jambo moja kwa makini. Mtafute Dinu Lipatti, Mromania aliyefariki mwaka 1950 akiwa na miaka 33. Cortot alikuwa jaji kwenye mashindano ya Vienna ambako Lipatti alipewa nafasi ya pili. Akakasirika, akajiuzulu ujaji, akamchukua kijana Paris. Msikilize: safi kama maji ya kisima, hakuna nota inayoteleza, hakuna mkono unaosubiri mwingine. Kisha msikilize Clara Haskil katika Mozart, aliyekuwa darasani kwa Cortot akiwa msichana mdogo, ingawa hao wawili hawakupatana sana. Maneno machache, hakuna pambo. Kisha Vlado Perlemuter katika Ravel, mtu wa mizani na busara, ambaye baadaye alifundisha Conservatoire kwa zaidi ya miaka 20. Kisha Samson François, aliyegunduliwa na Cortot akiwa mtoto: huyo ni moshi na moto, leo anapiga hivi kesho vile.

Hakuna anayefanana na mwenzake, na hakuna anayefanana na mwalimu. Wapo walimu ambao wanafunzi wao unawajua kwa hatua mbili za kwanza, kama ndugu wa tumbo moja. Cortot hakuzaa watoto wa aina hiyo, na mimi nalihesabu hilo kama alama kubwa kuliko rekodi zake zote. Hata mpiga piano Alfred Brendel, ambaye hakuwa mwanafunzi wake na upigaji wake ni wa mtu anayefikiri kila herufi, alimtaja Cortot pamoja na Edwin Fischer na Wilhelm Kempff kama watu waliomfundisha kwa kusikilizwa.

Darasani hakuwa akisema sana juu ya vidole, jambo linalowashangaza wanaomjua kwa vitabu. Alisema picha. Preludi 24 za Chopin, vipande vifupi vya piano, alizipa kila moja maneno yake. Ya kwanza ni mtu anayemsubiri mpenzi wake kwa homa. Ya pili ni tafakari yenye maumivu na bahari tupu kwa mbali. Ya 15, ile inayojulikana kwa matone ya mvua, kwake ni kifo kimejificha kivulini. Ya 16, mbio za kuelekea shimoni. Chopin mwenyewe hakuandika lolote kati ya hayo, na nakiri kwamba mengine yananichekesha. Lakini jaribu: piga ya 15 ukifikiria mvua, kisha ipige ukifikiria kuna mtu amesimama nyuma ya mlango na haingii. Ile nota moja ya katikati inayorudiwa tangu mwanzo mpaka mwisho itakuwa sauti nyingine kabisa, na vidole vyako havijabadilisha chochote unachoweza kukieleza.

Kuna filamu fupi ya mwaka 1953, Cortot mzee yuko darasani, anapiga kipande cha mwisho cha Picha za Utotoni (Kinderszenen) za Schumann, kile cha mshairi anayesema. Anapiga na huku anaongea, sauti ya chini, anamwambia mwanafunzi kwamba kipande hiki kiotwe kuliko kupigwa. Itafute. Ni dakika chache.

Sasa la vita, maana uliuliza na sitalipitia pembeni. Ulichosoma ni kweli. Baada ya Ufaransa kushindwa mwaka 1940, Cortot alikubali vyeo katika serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wanazi, akashughulikia mambo ya sanaa na kuongoza kamati ya kupanga kazi ya wanamuziki. Mwaka 1942 alikwenda kupiga Ujerumani. Utetezi wake baadaye ulikuwa kwamba aliombwa kuwatumikia wanamuziki wenzake akaona hawezi kukataa. Wengine huongeza kwamba mkewe, Clotilde Bréal, alitoka familia ya Kiyahudi, kana kwamba hilo linafuta jambo. Mimi naona linalifanya liwe zito zaidi. Haskil, Myahudi, ilimbidi akimbie Paris mpaka Marseille na kisha Uswisi. Perlemuter, Myahudi, naye alikimbilia Uswisi. Hao walikuwa wanafunzi wake, na mwalimu yuko ofisini. Kamati ya kuwatumikia wanamuziki Wayahudi waliofukuzwa haikuwepo.

Baada ya ukombozi alizuiwa kupiga hadharani kwa mwaka mmoja. Aliporudi jukwaani Paris mwanzoni mwa 1947 alikutana na miluzi na zomeazomea, na okestra ikakataa kumsindikiza. Akapiga Chopin peke yake. Akahamia Lausanne, Uswisi. Japani walimpokea tofauti. Alikwenda mwaka 1952, na watu wa Kawatana, upande wa magharibi wa nchi ile, wakakipa kisiwa kidogo kisicho na watu jina lake kwa sababu alikipenda alipokiona kutoka hotelini. Mpaka leo wana ukumbi wa muziki uitwao Cortot.

Kwa hiyo usitafute namna ya kumtakasa ili upate kumsikiliza, wala usidhani ukimsikiliza umempa msamaha ambao si wako kuutoa. Aliyekuwa na haki ya kumhukumu alikuwa mtu kama Pablo Casals. Hao wawili na Jacques Thibaud walikuwa na kundi la watu watatu tangu 1905, piano, fidla na chelo, na santuri yao ya trio ya Schubert ya 1926 haijazeeka hata kidogo. Casals alikataa kupiga Ujerumani ya Hitler, akaishi uhamishoni Prades, kusini mwa Ufaransa, kwa sababu ya Franco, dikteta wa Hispania. Mwaka 1958 alimkaribisha Cortot Prades, wakapiga Beethoven pamoja, wazee wa miaka 81 na 80. Baada ya hapo Cortot hakupanda tena jukwaani mbele ya watu. Alifariki Lausanne mwaka 1962.

Fanya hivi basi. Weka etudi pembeni wiki moja. Tafuta preludi za Chopin, zile za 1933 na 1934, si za uzeeni, usiku, bila kitabu cha nota mkononi, maana ukiwa na kitabu utahesabu makosa. Halafu tafuta mashairi ya mapenzi ya Schumann, Dichterliebe, aliyorekodi na mwimbaji Charles Panzéra mwaka 1935, na usimsikilize mwimbaji. Msikilize mpiga piano anavyomalizia sentensi baada ya mwimbaji kunyamaza. Jumatatu rudi kwenye opus 10 namba 2, vidole vitatu, bila sauti za chini. Na uwahi kulala, mkono uliochoka haufundishiki.